Cobra 148 GTL ya mtumba: nunua iliyokufa, achana na iliyochezewa

Kwa anayetaka kuanza kufufua redio za CB (redio za raia za kuongea na kusikiliza) za zamani, Cobra 148 GTL ndiyo tunayoipendekeza kwanza, kwa sharti moja: isiwe imepita mikononi mwa fundi wa bisibisi. Isiyotoa hata mlio, yenye vumbi la miaka na skrubu ambazo hazijawahi kufunguliwa, ina thamani kuliko inayowaka vizuri na kutangazwa kuwa "imeongezwa nguvu". Ya kwanza mara nyingi inataka dayodi moja na kapasita kadhaa. Ya pili itakula wikiendi zako ukitafuta nani alikata nini.

Tuitazame redio yenyewe. Ni ya gari, chaneli 40, AM na SSB (urushaji wa upande mmoja wa mawimbi), inatumia volti 13.8, inatoa wati 4 kwenye AM na wati 12 za kilele kwenye SSB, kama sheria ya Marekani inavyoruhusu. Jina la Cobra lilikuwa la kampuni ya Dynascan ya Chicago, lakini kazi ya ndani ni ya Uniden, ndiyo maana Uniden Grant ni ndugu yake wa tumbo moja na mengi tunayoyasema hapa yanaihusu pia. Kwenye matoleo ya mwanzo utakuta IC ya PLL (saketi inayotengeneza masafa ya chaneli) aina ya MB8719 ya Fujitsu, transista ya kusukuma 2SC2166, na ya mwisho, inayopeleka nguvu kwenye antena, 2SC1969 ya Mitsubishi. Zikariri hizo namba, kwa sababu ndizo zitakazoamua kama redio inastahili fedha yako.

Kwa nini hii na si ya chaneli 23? Marekani ilifungua CB ya 27 MHz mwaka 1958, na chaneli zikapanda kutoka 23 hadi 40 tarehe 1 Januari 1977. Nyingi za chaneli 23 zinachanganya kristali kumi na zaidi ili kupata chaneli zote. Kristali moja ikifa, kundi zima la chaneli linakwenda nayo, na kuipata nyingine ni kazi. 148 GTL inategemea PLL, kwa hiyo kristali ni chache. Halafu kila kipande kimepitishwa miguu kwenye tundu la bodi, nafasi ya kuingiza pasi ya lehemu ipo, majina ya vipande yamechapwa, na michoro ya huduma yenye volti za kila mguu inapatikana bila shida. Ubaya wake ni huo huo MB8719: haitengenezwi tena. Ikiwa imeungua, utaitoa kwenye redio nyingine iliyokufa au utaachana nayo.

Kabla ya kulipa

Dai picha za ndani, pande zote mbili za bodi. Muuzaji akisema hana bisibisi, hilo ni jambo jema. Akisema ndani "ni safi tu, usijali", jali.

Kwenye picha, kitu cha kwanza kukitafuta ni matundu matupu. Wanaotaka sauti kubwa kwenye AM hukata transista inayozuia modulesheni isipite kiasi, na mara nyingi huacha miguu yake imesimama kama visiki. Tazama pia vidude vya kurekebisha, vile vya mfereji wa bisibisi: vyote vikiwa vimezungushwa hadi mwisho, mtu amepita hapo. Angalia ferayiti zilizo ndani ya makopo ya koili. Ikiwa mfereji wake umevunjika kingo, bisibisi ya chuma ilitumika, na kopo hilo halitarekebishika bila kulitoa. Swichi iliyotobolewa pembeni, waya wa rangi isiyofanana na wenzake, lehemu mpya inayong'aa katikati ya lehemu iliyofifia: yote ni maandishi ya fundi aliyetangulia.

Tangazo likidai redio inafika wati 25 au 30 kwenye AM, piga hesabu. Keria (wimbi la msingi linalobeba sauti) ya wati 4 ikipata modulesheni ya asilimia 100 inafika kilele cha wati 16, basi. Kinachozidi hapo kwa kiasi hicho ni ama mita inayodanganya, ama keria iliyopandishwa, ama mawimbi yanayokatwa na kumwagika kwenye chaneli za jirani. Transista ya mwisho ya redio kama hiyo imefanya kazi kwa joto muda wote, hivyo hata ukirudisha kila kitu mahali pake usiiamini.

Jambo jingine linaloshusha bei bila sababu: redio nyingi za Cobra za zamani hazipokei kabisa kama maiki haijachomekwa, kwa kuwa njia ya kupokea inapitia kwenye swichi ya maiki. Muuzaji asiye na maiki anawasha, haisikii kitu, anaandika "mbovu". Ukiona tangazo la namna hiyo na ndani hapajaguswa, nunua. Matoleo ya mwanzo yana soketi ya pini 5 ubavuni. Ya pini 4 mbele ni ya baadaye. Usidhani spea za moja zinaingia kwa nyingine kabla ya kulinganisha namba ya bodi.

Mezani, siku ya kwanza

Usiiunganishe moja kwa moja na betri ya gari. Betri haina huruma, ikikuta shoti itachoma njia za shaba kabla fyuzi haijafikiria. Tumia pawa saplai yenye kikomo cha mkondo, uiweke ampea 1. Huna? Unganisha balbu ya breki ya gari, wati 21 volti 12, kwenye waya chanya. Redio nzima ikiwa inapokea haili hata ampea moja, hivyo balbu itabaki giza au itawaka hafifu. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti.

Na shoti ya kwanza kuishuku ni dayodi ya ulinzi pale waya wa umeme unapoingia. Kazi yake ni kujitoa mhanga: mtu akigeuza chanya na hasi, dayodi inapitisha mkondo wote ili fyuzi ikatike. Mara nyingi dayodi hufa ikiwa imeshika shoti, na redio inaonekana imekufa kabisa wakati kila kitu kingine ni kizima. Pima kwa multimeta, waya wa umeme ukiwa umechomolewa: upande mmoja isome karibu volti 0.6, upande wa pili isisome. Ikilia pande zote, itoe, pima tena bodi. 1N4002 au 1N4004 inatosha kuziba pengo hilo. Ila fungua kishika fyuzi uone. Ukikuta karatasi ya sigara ya aluminiamu au fyuzi ya ampea 20 badala ya ile ndogo iliyoandikwa nyuma ya redio, fuata njia ya shaba kutoka hapo hadi kwenye swichi ya sauti, maana pengine imeungua chini ya rangi ya kijani.

Umeme ukishaingia, pima volti iliyodhibitiwa. Bodi nyingi za Uniden za familia hii zina MB3756, IC inayogawa volti 8 kwa sehemu ya kupokea na ya kurusha. Volti ikiwepo wakati wa kupokea na kutoweka ukibana maiki, tatizo liko hapo au kwenye mkondo unaovutwa baada yake. Usibadilishe IC kwanza. Pasha moto upya lehemu za miguu yake. Hiyo ni sehemu yenye joto, na lehemu yake hupasuka duara dogo kuzunguka mguu, ufa ambao jicho halioni bila lenzi na taa ya kuinamisha pembeni. Vivyo hivyo kwenye soketi ya antena, soketi ya maiki na transista zilizofungwa kwenye heatisinki.

Kitu kimoja hakina mjadala: usibane maiki bila mzigo bandia (resista inayomeza nguvu badala ya antena) wa ohm 50 kwenye soketi ya antena. Wa wati 15 unatosha kwa redio isiyoongezwa kitu. Waya uliokatika ndani ya plagi ya antena umeua 2SC1969 nyingi kuliko umri.

Kapasita, na gundi ya kahawia

Hapa ndipo kazi ilipo. Kapasita za elektroliti za umri huu zimekauka, na kila moja inaugua kwa namna yake. Ile kubwa ya kuchuja umeme, ya mikrofaradi elfu moja au zaidi, ikichoka utasikia mlio wa altaneta unaopanda na kushuka na injini. Zile za njia ya sauti, 10 hadi 220, zikichoka sauti inakuwa nyembamba isiyo na besi, au redio inatoa mdundo wa tuk-tuk-tuk ukiongeza sauti. Zile ndogo za 0.47 hadi 4.7 ndizo zenye hila. Ziko kwenye AGC (kidhibiti cha nguvu ya kupokea), kwenye kizuia kelele na kwenye ALC (kidhibiti cha nguvu ya kurusha), na zikivuja umeme badala ya kuushika, mita ya mawimbi haisimami, SSB inapumua, au neno la kwanza kila unapobana maiki linameza herufi.

Nunua za nyuzi 105, si 85. Volti unaweza kupandisha: ya 16 ikawa 25, ya 25 ikawa 35, mradi iingie mahali pake na isiguse kopo la jirani. Mikrofaradi usibadilishe, hasa zile za AGC na ALC, kwa kuwa thamani yake ndiyo saa: ukiweka 10 palipokuwa na 4.7, redio itachelewa kurudi baada ya kila sauti kubwa. Chora ramani ya bodi kabla ya kutoa hata moja, ukiweka alama ya upande wa hasi wa kila kapasita kama ulivyoikuta, kisha linganisha na mchoro, maana fundi wa zamani naye anaweza kuwa aligeuza. Badilisha tano, washa, sikiliza. Badilisha tano nyingine. Anayezitoa zote kwa mkupuo halafu redio isiwake hana pa kuanzia.

Pasi ya lehemu iwe ya joto linalodhibitika, nyuzi 320 hadi 340, sekunde tatu kwa mguu. Pedi za shaba za bodi hizi huinuka upesi. Ikiwa lehemu ya zamani haiyeyuki, ongeza kidogo mpya yenye risasi kwanza, kisha ifyonze yote kwa pamoja.

Halafu kuna gundi. Kiwandani walishikilia kapasita kubwa na waya kwa gundi ya manjano. Ilivyokuwa ikizeeka kwa joto iligeuka kahawia, na ya kahawia inapitisha umeme na kula miguu ya vipande iliyoifunika. Resista iliyolala ndani yake inaweza kuonekana nzima lakini mguu umebaki uzi wa kutu. Ikwangue kwa kijiti cha mbao au plastiki, lainisha kwa spiriti ya isopropili, na pima kila kipande kilichokuwa chini yake. Usiichanganye na nta nyeupe iliyomiminwa kwenye koili za VCO, oskileta inayoongozwa na PLL. Ile iache! Imewekwa ili koili isitikisike, kwa sababu koili ikitikisika sauti ya SSB inatetemeka kila gari linapopita kwenye shimo.

Swichi ya chaneli na potenshomita hazitaki WD-40; inayeyusha grisi na kuacha utando unaovuta vumbi. Tumia dawa ya kontakti, DeoxIT D5 kwa swichi na F5 kwa potenshomita, tone tu, kisha zungusha mara ishirini au thelathini. Dalili ya swichi chafu ni chaneli kadhaa kwenda masafa yasiyo yake huku nyingine ziko sawa: PLL inasoma namba kutoka kwenye kontakti hizo, na kontakti moja isipogusa inapokea namba nyingine. Zikikosa zote, hapo ndipo ushuku VCO au kristali.

Transista ya mwisho

2SC1969 orijino inatoa wati 16 au zaidi kwa volti 12 kwenye 27 MHz, na ndiyo sababu redio hii inaonekana haitoki jasho. Sokoni leo zimejaa za feki: transista nyingine ya bei rahisi iliyofutwa jina na kuchapwa upya. Kapasita utazipata Kariakoo au mtaa wa Luthuli, Nairobi, bila wasiwasi mkubwa, lakini transista ya RF usinunue mahali ambapo muuzaji hana cha kukueleza ilikotoka. Feki hupita mtihani wa multimeta kama kawaida, base kwenda kolekta na kwenda emita volti 0.6 hivi, kolekta kwenda emita hakuna kitu. Inajulikana kwenye mzigo bandia: wati mbili na nusu badala ya nne, na inachemka ndani ya nusu dakika.

Kibati cha transista hii ni kolekta, kwa hiyo lazima kitengwe na heatisinki kwa karatasi ya maika na kibushi cha plastiki kwenye skrubu. Safisha grisi ya zamani iliyokauka, paka mpya nyembamba pande zote mbili za maika, kaza, kisha pima kati ya kibati na heatisinki kabla ya kuwasha. Multimeta isilie. Baada ya hapo weka mkondo wa kupumzika kwa kufuata kitabu cha huduma, redio ikiwa kwenye SSB na maiki imebanwa bila mtu kusema. Ni makumi ya miliampea tu. Ukiona namba inapanda yenyewe huku unaitazama, achia maiki: dayodi inayofuata joto la transista haigusi heatisinki, au imekufa.

Kupima

Iache redio iwake dakika ishirini. Kwenye AM, chaneli 19, kihesabu masafa kisome 27.185 MHz. Sheria ya CB iliruhusu kosa la asilimia 0.005, yaani kama 1,360 Hz, lakini kwa SSB hiyo ni mbali mno, kwani mtu atakusikia unaongea kama bata. Lenga ndani ya Hz 100. Kwenye SSB kihesabu hakitaonyesha chochote ukinyamaza, kwa kuwa hakuna keria. Peleka toni ya Hz 1,000 kwenye maiki, na chaneli 19 isome 27.186 kwenye USB (upande wa juu) na 27.184 kwenye LSB (upande wa chini). Moja ikiwa sawa na nyingine imekosa, usiguse kristali ya 10.240 ya PLL. Rekebisha upande uliokosa peke yake, kwa kufuata kitabu cha huduma.

Wageni wengi hushtuka wakifika chaneli 23: inasoma 27.255, kisha 24 inarudi nyuma 27.235, 25 ni 27.245, na 26 inaruka hadi 27.265. Redio si mbovu. Chaneli 24 na 25 zilijazwa baadaye kwenye nafasi iliyokuwa wazi, namba zikabaki hivyo.

Nguvu ni bora kuipima kwa oskiloskopu kwenye mzigo wa ohm 50 kuliko kwa mita ya bei rahisi. Wati 4 ni volti 20 za kilele. Modulesheni kamili inazifikisha 40. Wati 12 za SSB ni kama volti 34.6. Juu ya mawimbi pakianza kuwa bapa, umepita kiasi. Rudisha ALC nyuma. Ferayiti zizungushwe kwa kijiti cha plastiki au seramiki, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukiandika ilipoanzia. Na ikiwa redio inapokea vizuri na masafa yako sawa, usizungushe chochote kwa udadisi.

Uso wa mbele uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo tu. Redio za madereva wa malori zimejaa lami ya sigara, na kishawishi cha kutumia spiriti ni kikubwa, lakini spiriti huondoa maandishi pamoja na lami.

Gharama za kuifufua ni ndogo kuliko bei ya redio yenyewe: seti ya kapasita, dayodi, grisi na maika. Vifaa ndivyo vinavyokula fedha, na katika hivyo kihesabu masafa na mzigo bandia vinakuja kabla ya oskiloskopu. Kupokea kutoka huko Marekani wakati jua linapokuwa na madoa mengi kunataka antena ya maana. Robo ya wimbi kwenye masafa haya ni kama mita 2.7, na kijiti kifupi cha sumaku juu ya paa la bati hakitakupa raha hiyo. Ukiwa Tanzania uliza TCRA, ukiwa Kenya uliza Mamlaka ya Mawasiliano, kabla ya kuagiza redio inayorusha na kabla ya kubana maiki ukiwa na antena halisi. Forodha inaweza kuizuia bila kibali.

Kama bei ya 148 GTL ambayo haijaguswa imekushinda, tafuta Grant. Ndani ni kazi ile ile kwa sehemu kubwa, jina halivutii wakusanyaji kiasi hicho, na wenye bisibisi hawakuifikia sana.